Elimu ya Wafanyakazi: Kutoa Picha Katika Simu na Kuzitia Katika Diski



Somo la safari hii si la sheria wala si la hesabu ya mshahara. Ni somo la kazi ndogo ya ufundi ambayo ilitushinda kwa majuma matatu, na kushindwa kwetu kukawagharimu wenzetu. Kazi yenyewe ni hii: kuchukua picha zilizopigwa kwa simu na kuzitia katika diski ya DVD ili zitazamwe kambini kwa deki. Tunaieleza hapa kwa sababu matawi mengine yanataka kuifanya, na hakuna haja ya kila tawi kuharibu diski zake lenyewe ndipo lijifunze.

Sisi ni kamati ya elimu ya tawi katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda. Wachumaji wetu wametoka pande nyingi. Wako wenyeji, wako waliotoka West Nile, wako waliotoka Kongo na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha kazini, lakini si kila mtu anakielewa sawasawa.

Kwa nini tulihitaji diski

Wachumaji walikuwa wakilalamika kwamba kilo zilizoandikwa katika karatasi ya mshahara hazilingani na kilo walizopima. Kikao cha pamoja kati ya chama na mwajiri kilipangwa, nasi tukaambiwa tulete ushahidi. Ushahidi wa mchumaji ni vikaratasi vya mizani vya kila siku, pamoja na karatasi ya mshahara ya mwisho wa mwezi. Kumbe wengi walikuwa wakivitupa vile vikaratasi, na wengine hawakujua wasome mstari gani.

Basi tukapiga picha masomo matatu kwa simu ya mmoja wetu. La kwanza, jinsi ya kutazama mizani na kujua uzito wa gunia unaokatwa. La pili, jinsi ya kutunza vikaratasi na kuvijumlisha. La tatu, jinsi ya kusoma karatasi ya mshahara. Yote kwa pamoja yalikuwa dakika 90. Kikao kilikuwa kimebakiza Jumapili tano.

Pengine mtu atauliza: kwa nini hatukuzituma picha hizo kwa simu? Ni kwa sababu wachumaji wengi wana simu ndogo za tochi, na wenye simu kubwa hawana fedha ya bando ya kutazamia dakika 90. Lakini katika kila kambi kuna deki na televisheni katika nyumba kadhaa, na viko vibanda vya video ambako watu huenda kutazama filamu zinazofasiriwa kwa mdomo. Deki ndicho chombo ambacho mfanyakazi anacho tayari.

Jumapili ya kwanza tulikwenda kambini na diski 20 zilizonunuliwa kwa ada za wanachama. Watu walikaa kwenye nyasi wakangoja. Tukaweka diski ya kwanza, kioo kikabaki cha bluu. Tukaweka ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mama mmoja mchumaji akainuka akajifunga kanga yake, akasema, “Wanangu, nimeacha shamba langu la mihogo nije kutazama rangi ya bluu?” Hatukuwa na jibu. Watu wakatawanyika. Jumapili moja kati ya tano ilikuwa imepotea.

Kosa la kwanza: diski ya faili si diski ya sinema

Sisi tulikuwa tumefanya nini? Tulichukua faili kutoka katika simu, tukaitia katika kompyuta, tukainakili katika diski. Katika kompyuta diski ilicheza vizuri kabisa, tukafurahi.

Mwenye kibanda cha video ndiye aliyetufumbua macho. Alitazama diski yetu katika kompyuta yake akasema, “Hii ni diski ya faili. Deki yangu inatafuta sinema.” Akatuonyesha diski ya filamu ya dukani. Ndani yake hamkuwa na faili moja yenye jina la filamu. Mlikuwa na folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani ya folda hiyo mafaili yenye majina yanayoishia kwa VOB, IFO na BUP. VOB ndiyo yenye picha na sauti. IFO ni kama daftari la karani: humwambia deki sinema inaanzia wapi, ina sauti ngapi, na sura zake ziko wapi. BUP ni nakala ya daftari hilo, isije ikaharibika.

Deki ya kawaida hutafuta folda hiyo. Isipoiona, haina la kusema. Ni kweli kwamba deki nyingine za baadaye zina tundu la fleshi na husoma faili za aina kadhaa. Lakini hatukuweza kujua nani ana deki gani. Mwalimu hafundishi kwa lugha inayojulikana na wanafunzi wawili tu. Ilitubidi tutengeneze diski ambayo deki yoyote ya DVD itaielewa.

Kosa la pili: kubadili jina la gunia

Tulipoambiwa kwamba DVD inataka picha za aina ya MPEG-2, mmoja wetu alipata njia ya mkato. Faili yetu iliitwa kwa jina linaloishia na mp4. Akafuta mp4 akaandika mpg. Kompyuta haikulalamika. Deki ilikataa kama kwanza.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayeanza hana budi kulielewa. Gunia na kilichomo ndani ya gunia ni vitu viwili. Ukiandika “sukari” juu ya gunia la mahindi, mahindi hayawi sukari. MP4 ni gunia tu. Ndani yake mna picha zilizobanwa kwa namna fulani, na sauti iliyobanwa kwa namna yake. Namna hiyo ya kubana huitwa kodeki. Ndugu msomaji, usiichanganye na deki. Simu nyingi hubana picha kwa kodeki iitwayo H.264, iliyotolewa mwaka 2003. DVD ni ya zamani zaidi. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na kanuni yake inataka MPEG-2. Basi hakuna njia ya mkato. Ni lazima picha zifunguliwe kutoka katika H.264 na kubanwa upya kwa MPEG-2. Sauti nayo hubadilishwa, kwa kawaida iwe ya aina ya AC-3, nayo hupimwa mara 48,000 kwa sekunde.

Tulipoteza pia siku mbili na programu iitwayo HandBrake. Ni programu nzuri na ya bure, lakini kazi yake ni kutengeneza faili za MP4 na jamaa zake. Haitengenezi diski ya deki. Tulikuwa tukienda Kampala kwa basi la Kasese. Programu iliyotufaa ni DVDStyler, nayo ni ya bure. Hiyo hubadilisha picha kuwa MPEG-2, hupanga folda ya VIDEO_TS, hutengeneza ukurasa wa kuchagulia somo, kisha huchoma diski.

Kubana ni kupoteza

Sisi watu wa chai twajua kwamba kilo nne hadi tano za jani bichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Maji yameondoka. Na jani likisha kukatwakatwa na mashine, hakuna fundi awezaye kulirudisha kuwa jani.

Picha nazo ni hivyo. DVD ya mtindo wa PAL, unaofuatwa katika Afrika ya Mashariki, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, na picha 25 kwa kila sekunde. Kama picha hizo zingewekwa bila kubanwa, diski nzima ingejaa kwa dakika 5 tu. Kwa hiyo kodeki huondoa yale ambayo jicho halitayatambua kwa urahisi: sehemu zisizobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na tofauti ndogondogo za rangi. Kilichoondolewa hakirudi.

Kwa sababu hiyo tunatoa maonyo mawili. La kwanza: tunza faili ya asili kutoka katika simu, usiifute wala usiiandike juu yake. La pili: usibane juu ya kilichobanwa zaidi ya inavyolazimu. Sisi tulibadilisha mara nne, kila mara tukianza na faili ya jaribio lililotangulia. Mwishowe uso wa mwalimu ukawa kama umefunikwa na chandarua.

Jambo jingine lilitushangaza. Faili ya simu ilikuwa gigabaiti moja na nusu, lakini ilipokuwa MPEG-2 ikawa karibu gigabaiti nne, na picha hazikuwa nzuri zaidi. Sababu ni kwamba H.264 ni fundi stadi zaidi. Kwa ubora ule ule, MPEG-2 huhitaji nafasi kubwa, mara nyingi karibu mara mbili. Usiogope ukiona hivyo.

Hesabu ya diski

Sasa tufike katika hesabu, maana hapa ndipo tulipokwama Jumapili ya pili ikapita bila diski yoyote.

Diski ya DVD ya tabaka moja huandikwa gigabaiti 4.7. Kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.38 hivi. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta hizo zinahesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Mizani mbili, mzigo mmoja.

Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo diski nzima ni megabiti 37,600 hivi. Tuache nafasi kidogo kwa ajili ya ukurasa wa kuchagulia na mambo ya mpangilio, tuseme 36,000. Sasa gawanya kwa sekunde za sinema yako. Jibu ni megabiti unazoweza kutumia kwa kila sekunde, picha na sauti pamoja:

Dakika 60 ni sekunde 3,600: megabiti 10.
Dakika 90 ni sekunde 5,400: megabiti 6.6.
Dakika 120 ni sekunde 7,200: megabiti 5.
Dakika 180 ni sekunde 10,800: megabiti 3.3.

Angalia mstari wa kwanza. Kanuni ya DVD hairuhusu picha zizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na deki zilizochoka hukwama hata kabla ya kufika hapo. Kwa sinema fupi, sisi hatuzidi 8.

Kosa letu lilikuwa hili. Mara ya kwanza tuliweka megabiti 9 kwa dakika 90, tukidhani kikubwa ndicho kizuri. Ukizidisha 9 kwa 5,400 unapata megabiti 48,600, yaani gigabaiti 6 na zaidi, diski ikakataa. Kwa hasira tukashuka hadi 2. Diski ikakubali, lakini picha zikajaa vigae, na tarakimu za karatasi ya mshahara hazikusomeka. Somo la kusoma karatasi ya mshahara ambayo haisomeki lina faida gani? Hatimaye tukaketi na kalamu. Kwa 90 tulikuwa na 6.6. Tulitaka sauti za lugha tatu, kila moja ikila megabiti 0.192, jumla 0.576. Kwa picha ikabaki 6 hivi, tukaweka 5.5, ikatosha.

Hizo sauti tatu ni neema ya DVD ambayo wengi hawaijui. Diski moja yaweza kuwa na njia 8 za sauti na njia 32 za maandishi ya chini ya picha. Picha ni zile zile. Mtazamaji hubonyeza kitufe cha sauti katika rimoti akachagua lugha yake. Tulimwomba mchumaji mmoja aseme maneno kwa Kinyarwanda na mwingine kwa Kitooro, tukayarekodi na kuyalinganisha na picha. Yule aliyekuwa akikaa nyuma mkutanoni kwa sababu ya lugha, sasa alikaa mbele.

Picha iliyokatwa na sauti iliyochelewa

Jumapili ya tatu diski zilicheza. Tulishangilia mapema. Kumbe palikuwa na makosa mawili.

Kwanza, televisheni za zamani huficha kingo za picha. Katika kompyuta karatasi ya mshahara ilionekana yote. Katika televisheni ya kambini safu ya mwisho upande wa kulia ilikatwa, na hiyo ndiyo safu ya makato! Tangu siku hiyo hatuweki jambo la maana karibu na kingo. Tunaacha ukingo mpana pande zote, na karatasi tunaipiga picha kwa karibu, sehemu moja baada ya nyingine, ili tarakimu ziwe kubwa. Vilevile simu ishikwe kwa ulalo. Ukiishika wima, picha inakuwa ukanda mwembamba katikati na weusi pande mbili.

Pili, sauti iliachana na mdomo. Mwanzoni hukuona tofauti. Kufika somo la tatu, mwalimu alikuwa amekwisha kufumba mdomo na maneno bado yanakuja. Watoto walicheka sana. Sababu yake ni kwamba simu nyingi hazipigi idadi moja ya picha kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanga ukipungua, simu hupunguza, ukiongezeka, huongeza. Programu ya kubadilisha ikidhani idadi ni moja, makosa madogo hujumlishana. Dawa yake ni kuipitisha faili ya asili mara moja katika programu iwezayo kulazimisha idadi moja, yaani picha 25 kwa sekunde, kabla ya kutengeneza DVD. Hapo ndipo HandBrake, tuliyoilaumu, ilipotufaa, maana ina chaguo hilo. Ni kweli kwamba huko ni kubana mara moja zaidi, kwa hiyo tuliiwekea ubora wa juu. Tukakata pia sinema iwe sehemu tatu, kila somo na faili yake, ili hata likitokea kosa lisikue kwa dakika 90.

Kuchoma diski

Kuchoma ni kazi ya dakika chache, lakini ndiyo inayokula fedha, kwa sababu diski iliyoharibika ya aina ya DVD-R haifutiki.

Diski tupu ziko za aina mbili kubwa: DVD-R na DVD+R. Kwa kawaida deki za zamani huielewa DVD-R zaidi. Nunua chache kwanza, jaribu, ndipo ununue nyingi.

Usichome kwa kasi ya mwisho. Kwa kasi ya 4 diski nzima huchukua kama robo saa. Kwa kasi ya 16 ni haraka zaidi, lakini kwa diski za bei rahisi na mashine zilizochoka makosa huwa mengi. Wakati wa kuchoma, kompyuta iachwe. Tulikuwa na kijana aliyepiga muziki na kufungua mambo mengine huku diski inachomwa, mbili zikaharibika. Umeme nao ukikatika katikati, diski hiyo imekwisha. Tumia kompyuta yenye betri nzima, au choma saa ambazo jenereta ya jirani inafanya kazi.

Diski ikisha kuchomwa, sharti ifungwe. Programu nyingi hufanya hivyo zenyewe mwishoni, lakini hakikisha. Diski isiyofungwa hucheza katika mashine iliyoichoma na kukataliwa na deki za wengine. Andika jina kwa kalamu ya wino laini upande wa juu. Usibandike karatasi, ikikaa upande mmoja hufanya diski iyumbe inapozunguka.

Mwisho kabisa, jaribu katika deki iliyo mbaya kuliko zote. Hili ndilo neno kubwa la somo letu. Sisi tulijaribu katika kompyuta yetu mpya tukasema kazi imekwisha. Kompyuta hiyo ingekubali karibu kitu chochote. Siku hizi tuna deki moja ya mzee wa kambi ya pili, kuukuu, mlango wake unafungwa kwa kidole. Diski ikicheza humo, tunachoma nyingine. Isipocheza humo, hatuchomi.

Utaratibu kwa ufupi

1. Shika simu kwa ulalo, acha kingo, karibia maandishi.
2. Nakili faili ya asili mahali pawili. Ukitumia fleshi, kumbuka kwamba fleshi za mpango wa FAT32 hazipokei faili moja inayofika gigabaiti 4.
3. Lazimisha picha 25 kwa sekunde, na kata kila somo na faili yake.
4. Piga hesabu: 36,000 gawanya kwa sekunde, kisha toa sehemu ya sauti.
5. Katika programu ya kutengeneza DVD chagua PAL na umbo la picha, 16 kwa 9 au 4 kwa 3, kama ulivyopiga.
6. Tengeneza folda ya VIDEO_TS, uitazame kwanza katika kompyuta kwa programu kama VLC. Usichome bado.
7. Choma diski moja kwa kasi ndogo, uifunge.
8. Ijaribu katika deki mbaya kuliko zote, tangu mwanzo hadi mwisho, siyo dakika mbili za mwanzo.
9. Ndipo uchome zilizobaki.

Neno la tahadhari

Diski ikitoka mkononi mwako huwezi kuirudisha. Itakwenda kambini, itakwenda sokoni, na itafika mezani kwa msimamizi. Kwa hiyo hatukuweka sura ya mchumaji yeyote aliyelalamika, wala karatasi yenye jina au namba ya kazi ya mtu. Karatasi tuliyoonyesha tuliiandika wenyewe kwa mfano. Na aliyeonekana katika picha tulimwomba ruhusa kwanza. Chama kinachowalinda wafanyakazi hakiwezi kuwaanika.

Matokeo

Jumapili ya nne diski ilicheza katika kambi zote tulizokwenda. Yule mama wa mihogo alikuja tena, akakaa, akasikiliza kwa Kitooro. Somo la pili lilipokwisha aliomba lirudiwe. Kisha alikwenda nyumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi vya mizani vya miezi minne. Alikuwa amevitunza muda wote huo bila kujua vina kazi gani. Alivitunza kwa sababu vina jina lake.

Katika juma lililofuata wengine wengi walileta vyao. Kikao kilipofika tulikuwa na la kuweka mezani. Ilikubaliwa kwamba mizani zipimwe kwa jiwe la uzito mbele ya mwakilishi wa wachumaji. Madai ya kilo za nyuma yaliahirishwa hadi kikao kingine. Hatusemi kwamba diski ndiyo iliyoshinda. Kilichofanya kazi ni vikaratasi vya wachumaji wenyewe. Diski iliwaambia tu kwamba vikaratasi vile ni mali.

Lakini tunajiuliza pia: kama tungejaribu katika deki kuukuu tangu Jumapili ya kwanza, ni wangapi zaidi wangeleta vyao? Wako waliotawanyika siku ile ya bluu wasirudi tena. Mfanyakazi akikupa Jumapili yake amekupa kitu kikubwa, nawe usimwonyeshe kazi ambayo hukuijaribu.

Isitoshe, kazi hii isiwe ya mtu mmoja. Kijana wetu wa kwanza aliyejua kuchoma diski alihamishiwa shamba jingine, na ujuzi ukaondoka naye. Sasa tuna daftari lenye hatua zote, na katika kila kambi wako wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kazi tangu simu hadi deki.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini diski iliyocheza katika kompyuta ilikataa katika deki?
2. Tawi lako lina sinema ya dakika 75. Je, ni megabiti ngapi kwa sekunde? Piga hesabu pamoja.
3. Wafanyakazi wa kambi yenu wana vyombo gani vya kutazamia? Nani hana kabisa, naye atafikiwaje?
4. Ni lugha ngapi zinazungumzwa katika kambi yenu, na nani aweza kutoa sauti kwa kila lugha?
5. Je, wajua vikaratasi vyako vya mizani viko wapi leo?

Jibu la swali la pili ni megabiti 8. Jibu la swali la tano unalo mwenyewe, ndugu, nenda ukaviangalie.